Kiwavi wa Mahindi: Kwa Nini Dawa Ileile Huacha Kuua



Msimu wa mvua za Septemba nilipanda mahindi katika kishamba nilichokodi kwa mwenyeji mmoja, kule bondeni. Mahindi yalipofika magotini, majani yakaanza kutoboka. Niliuza kopo 6 za maharagwe ya mgawo, nikamtuma rafiki aliyekuwa anakwenda Bujumbura aniletee dawa. Akaniletea kichupa kisicho na karatasi ya maelezo. Mara ya kwanza nilipopulizia, viwavi walikufa wengi, hata nikamwita mama aje kuona. Baada ya mwezi walirudi. Nikapulizia tena, wakafa wachache. Mara ya tatu sikuona hata mmoja aliyekufa. Mwishoni nilivuna nusu gunia la mahindi madogo, na maharagwe ya watoto yalikuwa yamekwisha kuliwa na dawa.

Najua siko peke yangu. Katika kutembelea nyumba zenu nimesikia habari hiyohiyo mara nyingi, na wengi husema, "Dawa za siku hizi ni za uongo." Ni kweli kwamba nyingine ni za uongo au zimetiwa maji. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haionekani kwa macho, nayo imo ndani ya kiwavi mwenyewe. Somo la leo ni juu ya hiyo. Mimi ni kijana tu, na wengi wenu mlishika jembe kabla sijazaliwa. Ninachowaletea ni kile nilichosoma katika bio-kemia ya sekondari, pamoja na yale tuliyofundishwa wiki mbili huko Bujumbura. Mengine mnayajua kunishinda.

KIWAVI HUYU NI NANI?

Wazee wanawakumbuka viwavijeshi wa zamani, wale weusi wanaotembea kwa makundi na kumaliza shamba kwa siku chache, kisha wanatoweka kwa miaka. Huyu wa sasa si yule. Huyu hukaa mmoja mmoja ndani ya moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapotokea, na anarudi kila msimu. Tanzania wanamwita kiwavijeshi vamizi. Rwanda wanamwita nkongwa idasanzwe, yaani nkongwa asiye wa kawaida. Wataalamu wanamwita Spodoptera frugiperda.

Utamtambua kwa alama mbili. Kwenye paji la kichwa ana mstari mweupe ulio kama herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa 4 meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Kiwavi akikosa alama hizo, huenda ni mwingine.

Asili yake ni Amerika, kama mahindi yenyewe. Mahindi yalivuka bahari miaka mingi iliyopita, naye akayafuata nyuma. Alionekana kwanza Afrika Magharibi mwanzoni mwa mwaka 2016, Nigeria na nchi jirani. Kufikia mwaka 2018 alikuwa amekwisha kuingia katika nchi zaidi ya 40 za Afrika, Burundi na Kongo zikiwemo. Msishangae kwa mbio hizo. Kiwavi akikua hugeuka pupa ndani ya udongo, kisha hutoka akiwa nondo mwenye mabawa, na nondo huyo akisaidiwa na upepo anaweza kuruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja. Hana haja ya kuonyesha karatasi mpakani.

Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake mafupi. Kwenye joto kama la Bujumbura na bonde lote la Imbo, kutoka yai hadi nondo ni siku 30 hivi. Kule milimani kwenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Na hapa Burundi mahindi hayakosekani mwaka mzima. Kuna ya Septemba, kuna ya Februari, na wakati wa kiangazi kuna yale ya mabondeni kwenye maji. Basi vizazi vyake vinafuatana bila kupumzika.

MAHARAGWE YA MCHANGANYIKO

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ukitazama viwavi 100 kwenye shamba lako, utadhani wote ni sawa. Si sawa.

Chukueni mfano wa maharagwe. Mama zetu, kule Kivu na hapa Burundi, hawapandi maharagwe ya aina moja. Wanapanda mchanganyiko, mekundu, ya njano, meusi, yenye madoadoa. Kwa nini? Kwa sababu mvua ikizidi, baadhi yataoza na mengine yatavumilia. Jua likizidi, yale yaliyovumilia mvua yatakauka na mengine yatazaa. Hakuna mwaka ambao mama anakosa kabisa. Na mbegu anayoiweka kwa msimu ujao ni ya yale yaliyopona.

Viwavi nao ni mchanganyiko, ila rangi zao za tofauti ziko ndani. Kila kiumbe hubeba maagizo ambayo ameyarithi kwa wazazi wake, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Maagizo hayo tunayaita vinasaba. Ndiyo yanayofanya mtoto awe na pua ya babu yake. Mara moja moja, wakati maagizo yananakiliwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, herufi moja hukosewa, kama mwanafunzi anaponakili ubaoni. Makosa mengi hayana maana. Machache yanamdhuru mtoto. Na mara chache sana kosa linamsaidia, kwa mfano linamfanya avumilie sumu.

Tazameni inavyokuwa. Dawa nyingi za zamani za kupulizia hufanya kazi kwa kuziba kitu fulani katika mishipa ya fahamu ya mdudu. Kitu hicho ni kama kufuli, na dawa ni kama ufunguo unaoingia na kukatikia humo. Mdudu anatetemeka, anakufa. Lakini kiwavi aliyerithi kufuli lenye umbo tofauti kidogo, ufunguo hauingii vizuri. Anaendelea kula. Wataalamu waliochunguza vinasaba vya viwavi hawa waliofika Afrika na Asia wamekuta baadhi yao wanazo tofauti za namna hiyo tangu mwanzo. Maana yake, wazee wao walikwisha kupuliziwa dawa huko Amerika kwa miaka mingi, na waliofika kwetu ni wajukuu wa walionusurika. Sisi tunanunua kichupa kwa mara ya kwanza, yeye amekwisha kukutana nacho.

JE, ANAKULA MPUNGA PIA?

Swali hili nililiuliza mwenyewe. Tulipokuwa Bujumbura walitupeleka Gihanga, upande wa kaskazini mwa mji, ambako mashamba ya mpunga yanakwenda hadi macho yanachoka, na kando yake kuna mahindi. Mahindi yalikuwa yametoboka vibaya. Mpunga ulio hatua chache tu kutoka hapo ulikuwa mzima. Nikauliza kwa nini.

Jibu lake ni refu kidogo, lakini linafundisha. Huko Amerika viwavi hawa wako wa koo mbili. Ukoo mmoja unapenda mahindi, ukoo mwingine unapenda mpunga na nyasi fupi. Ukiwaweka pamoja mezani huwezi kuwatofautisha. Mwaka 1986 mtafiti Dorothy Pashley ndiye aliyeandika kwamba tofauti iko katika vinasaba. Baadaye ikajulikana kuwa hata saa za kuoana zinatofautiana. Ukoo wa mahindi huoana mapema usiku, ukoo wa mpunga huoana usiku ukiwa umekwenda sana. Kwa hiyo wanaishi jirani lakini hawaoleani sana. Hawaoleani sana, sikusema kamwe.

Walipofika Afrika, wataalamu walipima alama mbili za urithi. Alama moja mtoto huipata kwa mama peke yake. Alama ya pili, kwa nondo hawa, jike huipata kwa baba yake. Wakakuta jambo la kushangaza. Wengi walikuwa na alama ya mpunga upande wa mama, lakini alama ya mahindi upande wa baba. Ni kama mtoto ambaye mama yake ni wa Uvira na baba yake ni wa Fizi, ukiuliza jina la ukoo kwa upande mmoja tu utakosea kwao. Viwavi walioingia Afrika ni machotara wa zamani, na tabia yao kwa kiasi kikubwa ni ya ukoo wa mahindi. Ndiyo maana huku kwetu wanashambulia mahindi kwanza, kisha mtama, na mpunga mara chache.

Jambo la pili lililoonekana ni kwamba mchanganyiko wa Afrika ni mdogo kuliko ule wa Amerika. Hii huonyesha kwamba waliovuka bahari kwa mara ya kwanza hawakuwa wengi. Kopo moja ya maharagwe haiwezi kubeba rangi zote za soko zima. Lakini msifurahi upesi. Katika kopo hiyo ndogo, mbegu ya kuvumilia dawa ilikuwemo.

DAWA INACHAGUA

Watu husema kiwavi "amezoea" dawa, kama mtu anavyozoea pilipili. Sivyo. Kiwavi mmoja hazoei. Asiye na kinga anakufa leo, mwenye kinga anabaki. Kinachobadilika ni kizazi kizima.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme shamba lako lina viwavi 1,000, na 10 kati yao wana kinga. Unapulizia. Wanakufa 990, unashangilia, kama nilivyoshangilia mimi. Wale 10, tuseme majike 5 na madume 5, wanakuwa nondo na kuoana wao kwa wao, kwa sababu hakuna wengine. Majike 5 kwa mayai 1,000 kila mmoja ni mayai 5,000. Mvua, sisimizi na nyigu wakiua 9 katika kila 10, unabaki na viwavi 500. Idadi ni nusu ya ile ya kwanza, lakini sasa karibu wote ni wa damu ya walionusurika. Unapulizia dawa ileile. Nani anakufa?

Fanyeni na watoto nyumbani. Wekeni maharagwe mekundu 19 na jeusi 1 kwenye sahani. Ondoeni mekundu yote kwa mara moja, mwite hiyo dawa. Kisha kila lililobaki lizae 20 ya rangi yake. Mtoto wa miaka 8 ataelewa kabla hamjamaliza.

Jambo hili limetokea kweli hata kwa wenye fedha nyingi. Katika kisiwa cha Puerto Rico walipanda mahindi yaliyotengenezwa maabara ili yawe na sumu yao wenyewe ya kuua kiwavi huyu. Yaliingia sokoni mwaka 2003. Kufikia mwaka 2006 viwavi wa huko walikuwa wanayala bila shida, na ikabidi mbegu hiyo iondolewe sokoni kisiwani.

Sasa kuna kitu ambacho kilinishangaza sana. Nilikuwa namlaumu jirani yangu, mama mmoja mjane ambaye hapulizii dawa kabisa, nikisema kwake ndiko viwavi wanakotoka. Kumbe viwavi wa kwake, na wale walio kwenye nyasi na mtama wa porini, ni wa mchanganyiko wa asili, na wengi wao hawana kinga. Nondo wao wakiruka na kuoana na wale walionusurika kwangu, watoto wanapata nusu ya kinga tu, na mara nyingi nusu haitoshi kuwaokoa na dawa. Yaani shamba lake lilikuwa linanisaidia kuchelewesha hasara. Nimekwenda kumwomba radhi. Alicheka, akanipa mboga.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, msiuze mgawo kununua vichupa visivyo na maelezo. Nasema hivi nikiwa nimekosa mwenyewe. Hujui ni dawa ya aina gani, hujui ni ileile uliyotumia jana kwa jina jingine, na hujui inawafanya nini watoto wanaocheza kando ya shamba.

Kazi kubwa inafanywa kwa vidole na kwa kuwahi. Mahindi yakishaota, pitieni shamba mara 2 kwa wiki, asubuhi mapema au jioni. Tafuteni mayai. Yanakuwa kundi, 100 hadi 200 pamoja, yamefunikwa na manyoya ya kijivu kama ukungu wa mkate, mara nyingi chini ya jani. Ponda hapohapo. Ukiponda kundi moja umeondoa viwavi 150 bila kutoa faranga hata moja, na zaidi ya hayo umeondoa wenye kinga na wasio na kinga pamoja. Kidole hakichagui. Hakuna kinasaba cha kuvumilia kupondwa.

Ukiona majani yana madirisha madogo meupe, yanayopitisha mwanga bila kutoboka, jua kwamba viwavi wadogo wapo. Huo ndio wakati. Ukiona matundu makubwa na takataka kama unga wa mbao ndani ya moyo wa mhindi, kiwavi amekwisha kuwa mkubwa na amejifungia. Takataka hiyo ni mlango wake, hata dawa nzuri haimfikii vizuri. Mtoe kwa kijiti. Wakulima wengi hutia majivu au mchanga mkavu kidogo katikati ya moyo, naye hukosa raha. Viwavi waliookotwa ambao hawakupuliziwa dawa, wapeni kuku.

Msing'oe mhindi kwa sababu tu majani yametoboka. Mhindi mchanga unavumilia. Nimeona mashamba yaliyoonekana yamekufa yakazaa vizuri baada ya palizi na mvua mbili.

Pandeni kwa pamoja na majirani, mvua za kwanza zikianza. Anayechelewa wiki 4 nyuma ya wenzake anapokea nondo wote waliokua katika mashamba yao. Changanyeni mahindi na maharagwe. Acheni sisimizi na nyigu wafanye kazi, kwani wako nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai ya nondo huyu na kuyaharibu. Nyigu mmoja wa namna hiyo, Telenomus remus, mwaka 2019 ilitangazwa kuwa amepatikana katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, na hakuna aliyemleta kwa makusudi. Dawa kali huwaua hao kwanza.

Wenye sehemu ya kutosha, kuna njia ya kusukuma na kuvuta, iliyoanzia Kenya katika kituo cha ICIPE kando ya Ziwa Viktoria. Katikati ya mahindi hupandwa desmodium, ambayo harufu yake inafukuza nondo, na pembeni majani ya brachiaria yanayowavuta. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, mashamba ya namna hiyo yalikuwa na viwavi pungufu kwa asilimia 82 hivi kwa kila mhindi. Majani yote mawili ni chakula cha mbuzi. Kwa viwanja vyetu vidogo vya kambini si rahisi, lakini wanaokodi kwa wenyeji wanaweza kuongea nao.

Na kama ni lazima kupulizia? Iwe dawa yenye karatasi inayosomeka, viwavi wakiwa bado wadogo, jioni wanapotoka kula. Msimu unaofuata badilisha aina, si jina tu. Angalieni kwenye karatasi jina la sumu yenyewe, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo. Majina makubwa 2 ya dukani yanaweza kuwa sumu moja. Kichupa kitupu kisitiwe mafuta wala maji ya kunywa, hata kikioshwa mara 10.

MASWALI MLIYONIULIZA

Baba mmoja aliuliza kama mbegu mpya inaweza kumzuia kiwavi. Nimekwisha kueleza habari za Puerto Rico. Mbegu inaweza kusaidia, lakini ikitegemewa peke yake na watu wote, inamchagua kiwavi kama dawa inavyomchagua.

Mama mmoja aliuliza kama majivu nayo yatazaa viwavi wanaovumilia majivu. Swali zuri kuliko yote niliyopata. Njia yoyote inayoua sana na inayotumiwa peke yake inaweza kuchagua. Ndiyo sababu nawaomba mchanganye, vidole, majivu, maharagwe, kupanda mapema. Aliyevumilia hili atakutwa na lile.

Wengine wameuliza kama mahindi yaliyoliwa na kiwavi yanafaa kwa chakula. Kata sehemu iliyotobolewa, iliyobaki ni chakula. Lakini ukiona kuvu, ile ya kijani, ya kijivu au ya waridi kwenye punje, usisage wala usiwape kuku. Tenga gunzi hilo, na mengine yaanike juani hadi punje ikipasuka kwa jino itoe sauti, ndipo uyahifadhi.